Maziwe: Kisiwa cha Mchanga Kilicholiwa na Bahari

Kusini-mashariki ya mdomo wa Mto Pangani, umbali wa kiasi cha kilomita 8 kutoka pwani ya kijiji cha Ushongo, lipo fungu la mchanga mweupe ambalo hutokea maji yakupwapo na kufunikwa maji yajaapo. Juu yake hakuna mti wala jani. Hata hivyo mahali hapo palikuwa na kisiwa kamili chenye mivinje mirefu, ndege, na pwani ambayo kasa waliipanda usiku kwenda kutaga mayai yao. Kisiwa hicho kiliitwa Maziwe, na jina hilo bado limo katika ramani na katika sheria za nchi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sehemu yake ya mwisho iliyokuwa juu ya maji ya bamvua iliondoka, na mpaka leo haijarudi.

Husemwa mara nyingi kwamba Maziwe kilizama. Neno hilo halifai sana. Meli huzama kwa kushuka chini nzima nzima, Maziwe hakikushuka. Mwamba uliokibeba uko pale pale ulipokuwa. Kilichoondoka ni mchanga uliokuwa juu ya mwamba huo, na ulichukuliwa punje kwa punje, msimu baada ya msimu. Tofauti hii si ya maneno matupu, kwa maana sababu za kuzama na sababu za kulika si zile zile, na dawa zake pia ni mbalimbali.

Kichuguu na kisiwa

Mtu aliyezaliwa Misima, katika nchi ya Handeni, amezoea ardhi ya namna nyingine. Yeye anakaa mamia ya mita juu ya usawa wa bahari, na chini ya udongo wa shamba lake upo mwamba wa kale ambao umri wake huhesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Mvua yaweza kumnyang'anya udongo wa juu, na hiyo ni hasara kubwa, lakini kilima chenyewe atakikuta mwakani mahali alipokiacha. Kwake yeye ardhi ni kitu kilichotulia.

Lakini Misima kuna mfano mzuri sana wa kisiwa cha mchanga, nao ni kichuguu. Kwa nje kichuguu ni kilima kigumu, na mtoto hukipanda akadhani kiliumbwa pamoja na dunia. Kwa kweli husimama kwa sababu mchwa walio ndani hawaachi kukijenga. Kila mvua hukipunguza kidogo, na kila usiku mchwa huongeza kidogo. Mchwa wakifa, kichuguu hakianguki siku hiyo; hubaki na umbo lake kwa muda, kisha mvua hukisawazisha na uwanja. Mpita njia atasema mvua ndiyo iliyokibomoa. Mvua ilikuwapo siku zote. Kilichobadilika ni kwamba ujenzi ulikoma.

Kisiwa cha mchanga ni hivyo hivyo. Si kitu kilichowekwa baharini kikatulia, bali ni hesabu ya mapato na matumizi inayofungwa kila siku. Mchanga huingia na mchanga hutoka, na kisiwa ni kile kinachobaki. Mapato yakizidi, kisiwa hukua. Matumizi yakizidi, hupungua. Na kinaweza kudumu karne nyingi huku punje zake zikibadilishwa zote.

Visiwa vingi tunavyovijua zaidi si vya aina hii. Chumbe, karibu na Unguja, ni cha mwamba wa matumbawe ya kale yaliyobaki juu bahari iliposhuka; kingo zake zimechongwa na mawimbi zikawa kali, na mchanga wake ni kitambaa tu juu ya jiwe. Hata Fungu Mbaraka, kile kisiwa kidogo cha bahari kuu upande wa mashariki wa Dar es Salaam, ambacho ni kifupi, hakina mti, na huinuka mita chache tu kutoka majini, husimama kwa kuwa chini ya miguu ya ndege wake mna jiwe. Maziwe hakikuwa na jiwe hilo juu ya maji. Kwa hiyo ufupi wa kisiwa peke yake hautoshi kueleza hatari yake. Lazima iulizwe kimetengenezwa kwa kitu gani.

Mchanga unatoka wapi?

Watu wengi wa bara, na wengine wa pwani pia, hudhani kwamba mchanga wa Maziwe uliletwa na Mto Pangani. Dhana hiyo inaeleweka. Mto huo hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, hupokea maji ya Upare na Usambara, hupita Korogwe, na wakati wa masika hutoa katika bahari maji mekundu yanayoonekana kutoka mbali. Mto uliobeba udongo wote huo ungewezaje kushindwa kujenga kisiwa kidogo?

Jambo hili laweza kupimwa kwa urahisi, hata darasani. Uchukuliwe mchanga wa mtoni, kwa mfano kutoka Pangani pale Korogwe, uoshwe na kukaushwa. Na uchukuliwe mchanga mweupe wa fungu la matumbawe. Kila mmoja utiwe katika bilauri yake, kisha yamiminwe juu yake matone ya siki au ya maji ya ndimu. Mchanga wa mtoni utanyamaza. Punje zake nyingi ni za kwatzi, jiwe gumu lililotoka katika miamba ya bara, nalo halijali siki. Mchanga wa fungu utatoa povu na kuchemka kwa sauti ndogo, kwa sababu punje zake ni chokaa, na asidi inapoigusa chokaa hewa ya kaboni hutoka. Chokaa hiyo haikuchimbwa mlimani. Ilitengenezwa baharini na viumbe hai.

Wajenzi wake ni wengi. Wa kwanza ni matumbawe yenyewe, wanyama wadogo walaini wanaojijengea nyumba za chokaa, vizazi vyao vikikaa juu ya nyumba za vizazi vilivyotangulia. Wa pili ni mimea ya bahari ya jamii ya halimeda, ambayo majani yake yana chokaa, na ikifa huvunjika ikawa vipande vidogo kama maganda. Wa tatu ni foraminifera, viumbe vya chembe moja ambavyo magamba yao, yakitazamwa kwa kioo cha kukuzia, huonekana kama vifungo vya nguo vilivyotobolewa. Hawa pamoja na konokono na chaza ndio wenye kiwanda.

Lakini nyumba ya tumbawe si mchanga mpaka isagwe, na msagaji mkubwa ni samaki ambaye kila mvuvi wa Pangani anamjua: pono. Meno yake yameungana yakawa mdomo mgumu kama wa kasuku. Pono hukwaruza mwamba akitafuta mwani, humeza jiwe pamoja na chakula, hulisaga kooni, na kisha hulitoa likiwa mchanga laini. Pono mmoja mkubwa aweza kutoa zaidi ya kilo 100 za mchanga kwa mwaka mmoja. Anayestarehe juu ya mchanga mweupe wa fungu hafikirii sana habari hii, na pengine ni afadhali. Lakini sehemu kubwa ya pwani nyeupe za nchi za joto imepita katika matumbo ya samaki.

Kwa hiyo Mto Pangani si mama wa Maziwe. Uhusiano wake na kisiwa ni wa namna nyingine, na karibu uwe kinyume chake. Matumbawe yanahitaji maji safi yapenyayo mwanga, kwa kuwa ndani ya miili yao hukaa mimea midogo sana inayowalisha kwa nguvu ya jua. Tope likizidi, mwanga hupungua na tumbawe hufunikwa likakosa pumzi. Udongo unaoondoka katika mashamba ya mteremko, iwe Usambara au Handeni, haujengi kisiwa. Ukifika mbali mno huwafunga kazi wajenzi wake. Maziwe kiliota mahali palipo mbali kidogo na mdomo wa mto, ambapo mkondo wa pwani, unaoelekea kaskazini karibu mwaka mzima, huleta maji ya bahari yaliyo safi zaidi.

Kwa nini mchanga hukusanyika

Mchanga ukishatengenezwa, kwa nini usitawanyike? Jibu liko katika umbo la mwamba. Wimbi linalotoka bahari kuu huja likiwa limenyooka. Likifika penye kina kifupi sehemu inayogusa mwamba hupunguza mwendo, na sehemu iliyo katika kina kirefu huendelea na kasi yake. Hivyo wimbi hupinda na kuuzunguka mwamba pande zote mbili. Nyuma ya mwamba mikono miwili ya wimbi moja hukutana, nguvu zake huuana, na mchanga uliokuwa ukichukuliwa hudondoka. Mahali pa kukutana ndipo fungu linapoanza.

Mahali hapo hapakai pamoja mwaka mzima. Katika pwani ya Tanzania pepo mbili hutawala: kaskazi, kuanzia kama mwezi wa Novemba hadi Machi, na kusi, yenye nguvu zaidi, kuanzia kama Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba. Kusi husukuma mchanga upande wa kaskazini wa fungu, kaskazi huurudisha. Ncha za kisiwa cha mchanga hutembea kama mkia wa mbwa, na mvuvi aliyefunga ngalawa yake penye ufuko mwezi wa Februari aweza kukuta maji mahali pale pale mwezi wa Agosti. Kutembea huko si ugonjwa. Ni dalili kwamba kisiwa ni kizima, mradi kile kinachochukuliwa na kusi hurudishwa na kaskazi.

Kikomo cha mchezo huo huwekwa na maji kujaa na kupwa. Katika pwani ya Tanga tofauti kati ya maji ya juu na maji ya chini wakati wa bamvua ni kati ya mita 3 na 4. Mwanadamu anayetembea juu ya fungu saa ya maji kupwa huliona kubwa sana, lakini eneo hilo lote si kisiwa. Kisiwa ni ile sehemu tu inayobaki kavu wakati wa bamvua kubwa kuliko zote, na inabaki hivyo mwaka hadi mwaka, kiasi cha kuruhusu mbegu kuota. Katika kisiwa kama Maziwe sehemu hiyo ni kidogo, na tofauti kati ya kuwa kisiwa na kuwa fungu yaweza kuwa kimo cha mtu mmoja au pungufu.

Mizizi na maji matamu

Hapa ndipo mimea inapoingia, nayo huingia kwa utaratibu. Anayetangulia ni mlakasa, mmea utambaao wenye maua ya zambarau, ambao mbegu zake huelea katika maji ya chumvi bila kufa. Mlakasa hutupa kamba zake ndefu juu ya mchanga, na kila kifundo huweza kutoa mizizi. Upepo unaokuja na punje hugonga majani, hupoteza nguvu, na kuziacha punje hapo. Mmea huzikwa kidogo, huinuka tena, na kuzikusanya nyingine. Hivyo mimea haishiki tu mchanga uliopo. Huuinua juu kuliko mawimbi yangeweza. Sentimita chache anazoongeza mlakasa kwa mwaka ndizo zinazovusha kisiwa kutoka katika hali ya fungu.

Baada ya watambaao hufuata vichaka na miti, na katika Maziwe mti uliotawala ulikuwa mvinje. Mvinje una kipaji ambacho wakulima wa bara watakiheshimu: katika mizizi yake hukaa bakteria wawezao kuchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea, kama ilivyo kwa kunde na maharage, ingawa bakteria wenyewe si wa aina moja. Kwa hiyo mti huo hustawi katika mchanga mtupu. Wapo wataalamu wa nchi nyingine wanaoulaumu mvinje kwa kuwa kivuli chake na majani yake yaangukayo huwanyima nafasi mimea itambaayo, ambayo hushika ukingo wa pwani vizuri zaidi. Lawama hiyo ina haki yake pale ambapo mvinje ni mgeni uliopandwa. Lakini mbele ya swali la mivinje au mchanga mtupu, jibu halina shaka.

Mizizi huhitaji maji, na kisiwa kisicho na mto wala kisima huyapata wapi? Huyapata katika mvua, kwa msaada wa kanuni moja nzuri ya fizikia. Meta moja ya ujazo ya maji matamu ina uzito wa kilo 1,000. Ya maji ya bahari ina kiasi cha kilo 1,025. Maji ya mvua yakipenya mchangani hayachanganyiki mara moja na maji ya chumvi yaliyo chini, bali huelea juu yake. Mhandisi Badon Ghijben wa Uholanzi mwaka 1888, na Herzberg wa Ujerumani mwaka 1901, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha hesabu inayofuata: tofauti ni 25 katika 1,000, yaani moja kwa 40, basi kila sentimita moja ambayo maji matamu huinuka ardhini juu ya usawa wa bahari, huwa na kiasi cha sentimita 40 za maji matamu chini ya usawa huo.

Hesabu hiyo huleta faraja, lakini husomeka pia kinyume. Kisiwa kikipungua upana, maji hutoroka haraka pembeni, na sentimita moja ikipotea juu hupotea 40 chini. Mizizi hugusa chumvi. Mti hudhoofika kabla wimbi halijaufikia, na mti dhaifu haushiki mchanga.

Kasa wa Maziwe

Thamani ya kisiwa haikuwa katika miti peke yake. Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa kasa Jack Frazier alipochunguza pwani za Tanzania, Maziwe kilihesabiwa kuwa miongoni mwa mahali muhimu kabisa nchini pa kutagia kasa, na aina tatu zilijulikana hapo: kasa wa kawaida anayekula majani ya bahari, ng'amba mwenye gamba la thamani, na kasa mdogo wa rangi ya zaituni.

Kwa nini wanyama wakubwa namna hiyo wachague kipande cha mchanga katikati ya maji? Kisiwa kidogo hakina fisi, nguchiro wala mbwa wa kufukua mayai. Mchanga wa chokaa ni mweupe, haupati joto kali, na hupitisha hewa na maji. Kasa jike hufukua shimo juu ya alama ya bamvua, hutaga mayai mia moja au zaidi kwa mara moja, hufukia, na kurudi baharini. Mayai hukaa mchangani kiasi cha siku 50 hadi 60. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia ya watoto: karibu na nyuzi 29 za Selsiasi hutoka madume na majike kwa kadiri moja, mchanga ukiwa baridi zaidi hutoka madume wengi, na ukiwa moto zaidi hutoka majike wengi. Hivyo kivuli cha mvinje kilikuwa na kazi nyingine isiyoonekana, kwa maana kiota cha kivulini na kiota cha juani havikutoa uzao ulio sawa.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kasa jike hukomaa baada ya miaka 20 hadi 40, na akikomaa huelekea kurudi kutaga katika eneo lile alikoanguliwa. Kumbukumbu hiyo ilifaa katika dunia ambayo pwani hazibadiliki upesi kuliko umri wa kasa.

Miaka ya kutoweka

Katika miaka ya 1960 na 1970 miti ya Maziwe ilikatwa. Mvinje hunyooka, huwaka vizuri, na hufaa kwa nguzo na boriti. Si ajabu kwamba ulitamanika. Ufuko ulianza kurudi nyuma, miti iliyobaki ikaanguka mizizi ikiwa nje, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 maji yaliyojaa yalikuwa yakipita juu ya kila kitu. Mwaka 1992 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilichapisha taarifa ya Fay iliyokusanya historia ya kuharibika kwa kisiwa hiki na sababu zinazoweza kutajwa.

Sababu zinazotajwa ni tatu kubwa: kukatwa kwa miti, kupanda kwa bahari, na kuharibika kwa mwamba wa matumbawe. Inafaa kuzipima moja moja.

Kupanda kwa bahari ni kweli isiyopingika. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kiasi cha sentimita 20, na mwendo wake unaongezeka. Lakini katika miaka 20 ya kulika kwa Maziwe, kwa mwendo wa kiasi cha milimita 2 kwa mwaka, bahari ilipanda kiasi cha sentimita 4. Katika ufuko unaoinuka mita moja kwa kila mita 20, sentimita 4 husogeza ukingo wa maji sentimita 80. Hata hesabu hiyo ikizidishwa mara tano, kwa kuwa mawimbi huchimba zaidi ya pale maji yanaposimama, hupatikana mita 4 tu. Kisiwa kizima hakiondoki kwa hesabu hiyo. Bahari inayopanda ilizidisha mzigo, lakini haikuwa mchukuzi mkuu.

Kuharibika kwa mwamba ni sababu yenye uzito, ila huenda polepole. Uvuvi wa baruti uliitesa pwani ya Tanga kwa miongo mingi. Baruti moja huvunja matumbawe ya miaka mingi kwa kufumba na kufumbua, na huua pono pamoja na wengine. Mwanzoni vipande vilivyovunjika huongeza mchanga, na huko ndiko kuna udanganyifu: kiwanda kilichobomolewa huuza matofali yake kwa muda. Baadaye mapato hukoma, na mwamba uliopungua kimo huyaacha mawimbi yapite na nguvu zaidi.

Kuhusu miti, ushahidi bora unatoka mbali, katika visiwa vya mchanga vya Belize, wakati huo Honduras ya Uingereza. Mwanajiografia David Stoddart alikuwa amevipima visiwa hivyo muda mfupi kabla ya kimbunga Hattie kuvipiga mwezi Oktoba 1961, na akarudi kuvipima tena mwaka uliofuata. Kimbunga kilikuwa kimoja lakini matokeo yalikuwa mawili. Visiwa ambavyo mimea yao ya asili ilikuwa imefyekwa ili kupanda minazi vililika sana, na vingine vilitoweka. Vile vilivyobaki na vichaka vyao vizito vilistahimili zaidi, na baadhi yao viliongezewa mchanga na kifusi cha matumbawe na kimbunga chenyewe. Wimbi lile lile lilikuwa mwizi hapa na mjenzi pale.

Kwa kuyatazama haya pamoja, yaelekea sana kwamba shoka ndilo lililoigeuza hesabu ya Maziwe. Halikukichukua kisiwa, pepo na mawimbi yalikichukua, nayo yalikuwapo tangu zamani. Shoka liliondoa kile kilichokuwa kikirudisha mchanga kila baada ya kusi. Anayeitaja bahari inayopanda kama sababu pekee anawapa watu wa karibu udhuru wasioustahili, na pia anawanyima tumaini.

Tumaini hilo si ndoto. Uchunguzi wa picha za angani na za setilaiti uliofanywa na Paul Kench na wenzake, na kutolewa mwaka 2018, ulipima visiwa 101 vya Tuvalu kati ya 1971 na 2014. Bahari huko ilikuwa ikipanda, lakini jumla ya ardhi iliongezeka kwa asilimia 2.9, ingawa baadhi ya visiwa vilipungua. Mahali penye mwamba ulio hai na mimea, mchanga uliweza kwenda sambamba na maji. Hakuna ahadi kwamba utaendelea kuweza. Mwaka huo huo wa 2018, mwezi Oktoba, kimbunga Walaka kilifagia karibu kisiwa chote cha East Island katika Visiwa vya Hawaii, nacho kilikuwa mahali pa kutagia kasa wengi. Tena joto la bahari lililopanda mwaka 1998 lilipausha na kuua matumbawe mengi ya Afrika Mashariki, na mapato ya mchanga wa miaka ijayo yanategemea mwamba utakavyopona.

Kuirudisha Maziwe kwa kupanda miche juu ya fungu hakutafaa maadamu bamvua hupita juu yake. Chumvi itaiua miche katika mwezi wa kwanza. Utaratibu wa asili ni mwamba kwanza, kisha mchanga juu ya alama ya bamvua, kisha mlakasa, na mti mwisho. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 inalihesabu Maziwe kuwa eneo tengefu ingawa kisiwa chenyewe hakipo, na huo si mzaha kama unavyoweza kuonekana: kilicho chini ya maji, yaani mwamba na pono wake, ndicho kiwanda.

Wakati huo huo kasa bado wanakuja. Majike walioanguliwa Maziwe katika miaka yake ya mwisho walikomaa kati ya mwisho wa karne iliyopita na miaka ya 2010, na mnyama huyo huendelea kutaga kwa miaka mingi baada ya kukomaa. Hupanda juu ya fungu usiku, hufukua, hutaga na kufukia kwa uangalifu ule ule, mahali ambapo bamvua itayazamisha mayai kabla ya kuanguliwa. Kwa sababu hiyo watu wa Ushongo, wakishirikiana na shirika la Sea Sense, wameyahamisha mayai hayo mpaka ufuko wa bara. Kazi hiyo haina nafasi ya uzembe: baada ya saa chache tangu kutagwa, kijusi huanza kujishikiza ndani ya ganda, na yai likigeuzwa juu chini hufa, kwa hiyo mayai huchukuliwa mapema, yakashikwa vile yalivyolala, na kufukiwa kwa kina kile kile cha kiota cha mama. Watoto wanaoanguliwa huko hutembea wenyewe mpaka majini, wakiwa na alama ya mahali pale katika maumbile yao. Watakapokomaa, miaka 20 hadi 40 baadaye, ndipo itakapoonekana kama watapanda ufuko wa Ushongo au wataendelea kulitafuta fungu la mama zao.